Mji Nilikokutuma Bila Kukuuliza

Kwako Kabange, wa tumbo moja na mimi,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Sidoni, binti yako, alitaka kunisaidia. Alisema, "Papa mukubwa, unambie tu, miye nitaandika." Nikakataa. Mimi nilisoma miaka miwili kwa mapadri, lakini miaka yangu miwili ni kama kumi ya wengine, unajua. Wewe ulisoma mitatu, na jina lako bado lilikuwa linapanda kilima kila ulipoliandika. Basi nakuandikia kwa Kiswahili kile cha shule, cha heshima, herufi kwa herufi, kama ninavyopiga misumari. Leo ni siku ya nne niko juu ya karatasi hii. Mara moja moja nasimama, nakunywa maji. Ya maji nitakuambia.

Kwanza tukumbuke mlango.

Ulikuwa kwenye kalenda, dukani kwa mzee Ramazani, yule wa Maniema aliyekuwa anatuuzia bati. Tulikuwa vijana, tumeanza juzi tu kutengeneza masanduku ya bati hapa Katuba, ya wanafunzi, ya maharusi, ya watu wa reli. Tukaingia kuchukua bati, tukaona picha ukutani. Mtu mwingine angeangalia ngamia. Ngamia alikuwepo, amesimama pembeni kama mkwe aliyenuna. Sisi tuliangalia mlango. Mlango wa mbao, na juu yake vyuma: misumari yenye vichwa vya duara vikubwa kama vifungo vya koti la askari, na bati lililokatwa maua na nyota, na pete mbili za kubisha hodi. Wewe uliweka dole gumba juu ya picha, ukapima kichwa cha msumari kimoja, halafu cha pili, halafu cha tatu.

"Kiungu," ulisema, "uyu fundi hakukosa hata mara moya."

"Miye pia minakata vile."

"Wapi."

"Minakata kupita vile!"

Mzee Ramazani alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akatusomea maandishi ya chini. Tombuktu. Akasema ni mji wa zamani sana, mji wa vitabu na chumvi, uko mahali mchanga unapoanza, na ukishaanza hauishi tena. Mwaka ulipokwisha akatupa ile kalenda, tukaitundika kwenye atelie yetu, pale tunapokatia bati. Mpaka leo iko pale. Ngamia amefutika. Mlango haujafutika.

Tangu siku ile tulikuwa watu wa safari. Wewe ulinunua daftari. Kila dereva aliyetoka mbali ulimpa kiti na kikombe cha munkoyo wa mahindi, ukamuuliza njia, ukaandika: Bamako, halafu mto, halafu boti, halafu gari la mchanga. Kila kiangazi ulisema mwaka ujao. Na mimi? Mimi nilimwambia kila mteja kwamba tunaondoka kesho kutwa. Ndivyo tulivyogawana kazi maisha yetu yote: wewe unapanga, mimi nasema.

Ukatengeneza na sanduku la safari. La buluu, na ukuta katikati, kushoto vitu vyangu, kulia vyako. Juu ya kifuniko ukapiga maua ya bati kama yale ya mlango. Watu waliposimama barabarani kuyashangaa, mimi nilisema, "Ni miye nilikata." Na wewe ulikuwa umekaa pale pale na mkasi mkononi, unanitazama, hukusema kitu. Nilidhani hukusikia. Sasa najua ulisikia kila mara.

Unakumbuka mguu? Nilikuwa Kasenga, nimepeleka masanduku kwa wavuvi wa Luapula. Natembea vizuri ukingoni, naongea kama kawaida yangu, mara mguu wa kushoto ukanikataa. Nikaanza kuchechemea. Hakuna jiwe, hakuna mwiba. Wavuvi wakacheka, "Fundi, samaki imekuluma mu inchi kavu?" Niliporudi Katuba nilikukuta umefungwa kitambaa. Bati lilikukata mguu wa kushoto, siku ile ile, saa ile ile. Tangu pale sote wawili tukachechemea mguu mmoja, na watu walisema mapasa hawa, pacha hawa, hawatofautiani hata kwa kilema. Nakukumbusha mguu kwa sababu bila mguu hutaelewa kiu.

Halafu ukaenda.

Lile neno lingine siandiki. Wewe unajua na mimi najua jinsi mama alivyotufundisha. Kwa mapasa neno lile halisemwi, na machozi hayatoki. Wakisema, yule aliyebaki atasikia na atafuata. Kwa hiyo wanasema: ameenda kuchota maji. Na yule aliyekwenda, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia jambo jingine, anakwenda kweli kuchota maji. Siku moja anayaleta. Mwenzake anakunywa, halafu anapindua chombo, mdomo chini. Basi. Kazi imekwisha, aliyekwenda anaketi, anapumzika. Mama alikuwa anasema, "Umutume karibu, arudi mbio." Ndiyo maana ni maji. Hawasemi ameenda sokoni wala ameenda Likasi. Maji yako hapa kwenye kona.

Siku ile shangazi Eujeni alinishika sikio, mimi mzee na mvi zangu, mbele ya watu. Alisema, "Bakikuuliza, sema iko ku mayi. Usiongeze kitu. Umesikia, Kiungu? Usiongeze."

Kwa saa nzima sikuongeza. Majirani waliuliza, nikajibu, wakaketi. Halafu akaingia Bonifasi. Yule yule, fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeiga kufuli zetu, ambaye maua yake ya bati yanafanana na mende waliokanyagwa. Akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Na mwenzako, Kiungu. Iko wapi?"

Labda aliuliza kwa heshima tu. Mimi niliona anacheka ndani ya macho. Nilifikiri: nimwambie huyu kwamba Kabange, fundi wa mafundi, amebeba bidoni ya maji kichwani anapanga mstari na akina mama? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kabange ni muntu ya kuchota mayi?" Nilisema mpaka barabarani wakasikia. "Alienda Tombuktu! Alienda kuangalia milango. Na weye, Bonifasi, ulifikaka wapi? Likasi?"

Watu wakacheka. Palikuwa mahali ambapo kulia kumekatazwa, basi kicheko kilipata nafasi kubwa. Nilifurahi, nakuambia ukweli. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anataka kunusa tumbako yake, akairudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko.

"Unamutuma mbali," alisema. "Na haukumupa hata kikombe."

Miezi ilipita. Kiangazi kile Sidoni alifungua sanduku la buluu kuanika nguo. Upande wa kulia, upande wako, vilikuwepo viatu vyako vya kahawia. Akavigeuza, mchanga ukamwagika. Udongo wetu wa Katuba ni mwekundu, unashika kila kitu, hata meno. Huu ulikuwa mweupe kama unga wa mahindi, mkavu, unakimbia kati ya vidole. Sidoni aliufagia. Wiki iliyofuata ulikuwepo tena, na ulikuwa na joto.

Nilisema ni upepo. Nilisema ni panya.

"Panya gani inaleta muchanga, Papa mukubwa? Iko na brueti ya kusukuma?"

Nikamwambia afunge sanduku, asilifungue tena. Akafunga. Halafu ikaja kiu.

Ilianza wakati wa mvua. Mvua ile unayoijua, ya kuchukua viti vya watu na kuvipeleka jirani. Maji kila mahali, na mimi midomo inapasuka kama ni kiangazi cha mwezi wa nane. Nilikunywa kikombe, halafu jagi, halafu bidoni nzima asubuhi na nyingine jioni. Na jambo hili nitaliandika kwa sababu wewe ni pacha, si mgeni: sikwenda chooni. Maji yaliingia, hayakutoka. Daktari, mama mmoja kijana, alipima damu, akapima kila kitu. Alisema sukari hakuna, figo ziko bien, nzima. Akaangalia karatasi zake mara mbili.

"Papa, ile mayi yote unakunywa, inaenda wapi?"

Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nilikuwa nimekumbuka mguu.

Nikaenda kwa Samba. Ni mtu wa Mali, anauza vitambaa, amekaa huku mpaka anatukana kama mtoto wa Katuba. Nilimwambia nataka kwenda Tombuktu, nina daftari la njia. Alilisoma lote, alikuwa anatikisa kichwa pole pole.

"Muzee, uyu mwenye kuandika alijua. Lakini ile njia sasa haiko ya kutembea. Kuko bantu ya bunduki mu njia. Na boti iko siku inaenda, iko siku haiende."

"Miye siogope bunduki."

"Bunduki nayo haikuogopi, muzee."

Nikamuuliza kuhusu milango. Hapo uso wake ukabadilika, akawa kama mtu anayesikia harufu ya chakula cha kwao. Alisema bado ipo. Lakini mchanga unaingia mjini, unapanda barabarani mwaka kwa mwaka. Kuna nyumba ambazo zamani mtu alipanda ngazi kuingia, leo anashuka. Mlango uko chini, kama unaingia shimoni. Nilikuona unashuka, Kabange. Nilikuona vizuri, na mguu wako.

Samba ana dada ya mama yake kule. Alimtumia sauti kwa simu, kwa lugha yao, kumuuliza hali ya mji. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Samba alinipigia simu, akasema njoo. Nilipofika alikuwa amefunga duka mchana kweupe. Akasikiliza ile sauti ya mwanamke mara moja tena, halafu akanigeuzia kwa Kiswahili, macho yake chini.

"Mama anasema mji iko pole. Anasema watoto tu njo bako na bwoga. Kuko muzee mugeni. Anatembeaka mu saa ya jua kali, wakati bantu yote iko mu nyumba. Habishe hodi. Anagusa misumari ya mulango na dole, moya, mbili, tatu, vile anapima. Kisha anaonyesha mu kinywa, anaomba mayi. Bakiingia kuleta mayi, bakitoka, haiko. Kunabakia tu njia ya mguu mu muchanga. Mguu moya unatembea, mwingine unavutwa."

"Mguu gani?"

Samba aliangalia mguu wangu, hakuhitaji kuuliza simu. "Kushoto," alisema.

Nikasema nakwenda. Hakuna mtu aliyeweza kunizuia, unanijua. Nilipata pasipoti, nilichanjwa sindano ya homa ya manjano, nililia kidogo kwa sindano lakini hawakuona. Nikafungua sanduku. Kushoto nikaweka shati zangu, makoti, bati ndogo na mkasi, nionyeshe watu wa kule kazi ya Katanga. Kulia nikaacha vitu vyako, nikaongeza vikombe viwili na bidoni tupu. Nilimwambia kila mtu barabarani. Safari hii nilikuwa sijigambi, na ndiyo safari watu hawakuniamini.

Sidoni alisimama mlangoni akiniangalia ninavyopanga. Hakulia, anajua sheria. Aliniuliza jambo moja tu.

"Papa mukubwa, na weye usiporudia, miye nitasema uko wapi?"

Kesho yake pasipoti haikuwepo. Niligeuza nyumba nzima. Jioni Sidoni akaniambia iko kwa shangazi Eujeni, kule Kasungami.

Nilikwenda kwa baiskeli, asubuhi, na bidoni mbili za maji zimefungwa nyuma, zote nilizimaliza kabla ya kufika. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharagwe. Hakunisalimu.

"Iko mu unga," alisema. "Ndani ya gunia. Uingize mukono kama unaweza."

"Shangazi, Kabange iko na kiu."

"Minajua. Weye njo ulimutuma na kiu." Akatupa harage bovu. "Utaenda kumutafuta na ule mguu? Atakuona? Yeye hayui hata kama alipotea. Iko anafanya kazi yenye ulimutuma, kuangalia milango. Ataiangalia mpaka mwisho."

"Basi nifanye nini?"

"Ulimutuma na kinywa. Haukumutuma na baiskeli. Murudishe na kinywa." Ndipo akaniangalia. "Na useme mbele ya ule ule mutu."

Mbele ya Bonifasi! Nilisimama. Nilimwambia shangazi yetu, mzee yule, maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilisema afadhali bunduki za njiani, afadhali mchanga. Nikachukua baiskeli yangu bila pasipoti. Nyuma yangu alikuwa anachambua maharagwe tu.

Sikufika mbali. Ilikuwa saa sita, jua wima. Kiu ilikuja mara moja, kama mtu amenifunga koo na waya. Nikaanguka na baiskeli. Nililala kando ya ile barabara ya Kasungami ambayo unaijua, nyekundu mwanzo mpaka mwisho, shavu langu chini. Na chini ya shavu langu mchanga ulikuwa mweupe. Ulikuwa wa moto, laini, ulikuwa unaingia sikioni. Na karibu na kichwa changu nilisikia dole gumba likigusa chuma. Tik. Halafu kimya, halafu mguu unavutwa. Tik. Ulikuwa unapima, Kabange. Ulikuwa huna haraka. Ungeweza kuendelea hivyo mpaka mji uzame wote.

Nilitaka kukuita. Ulimi haukusogea. Mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kukosa neno.

Hapo nilikuona mzima, kama ulivyokuwa na mkasi mkononi, ninapowaambia watu maua yako ni yangu. Ulinyamaza miaka yote ile. Na mimi nikakuweka kwenye jua lisilokuwa na mwisho ili nisionekane mdogo, dakika moja, mbele ya mtu asiyejua kukata ua.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani alinimwagia maji usoni. Nilipofungua macho barabara ilikuwa nyekundu.

Asubuhi iliyofuata nilivuka. Ni hatua ngapi kutoka atelie yetu mpaka kwake? Hata ishirini hazifiki. Nilizitembea kama ndiyo jangwa lenyewe. Bonifasi alikuwa anapiga mfuniko, wateja wawili wamekaa, na akina mama wa mboga pale pale. Nilingoja nyundo inyamaze.

"Bonifasi."

"Kiungu. Ulisha rudia safari?"

Mama mmoja akacheka. Nikaacha acheke.

"Kabange haiko Tombuktu. Nilisema uongo. Njo tabia yangu."

Aliweka nyundo chini. Nilingoja lile jicho lake. Halikuja. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima, na akaniuliza vile inavyopaswa kuulizwa, kama siku ile, sasa nimeelewa, kama siku ile ile:

"Na mwenzako iko wapi?"

"Iko ku mayi," nilisema. "Pa robine ya kona. Anarudia."

"Mm." Aliangalia upande wa kona. Bomba lile, robine ya kona, lilikuwa limekauka siku nyingi, bidoni za watu zimepangwa pale kwa mstari bila wenyewe. "Basi atarudia. Ni mustari tu njo murefu."

Niligeuka kuondoka. Akaniita.

"Kiungu. Na ile maua ya sanduku ya bleu? Ni weye ulikata?"

Hii ilikuwa ngumu kupita ile ya kwanza, naapa.

"Kabange," nilisema.

"Njo nilijua," alisema Bonifasi, akachukua nyundo yake.

Siku tatu nilikaa mlango wa nyuma. Siku ya tatu, mchana, nilikwenda ndani kuchukua kofia, nikarudi, bidoni ilikuwa imesimama kizingitini. Bidoni yetu ya manjano, ile iliyokuwa ndani ya sanduku. Imejaa mpaka shingoni. Baridi, kama imetoka chini sana ya dunia. Nilimuuliza Sidoni. Alikuwa ametoka sokoni sasa hivi, viatu vyake bado vina vumbi la sokoni. Robine ya kona ilikuwa kavu, nilikwenda kuigusa mwenyewe.

Kwenye vumbi la nyuma ya nyumba kulikuwa na njia ya mguu. Mmoja unatembea, mwingine unavutwa. Inatoka kichochoroni, inafika kizingitini. Nilitafuta ile ya kurudi. Haipo.

Nikanywa, Kabange. Nusu ya bidoni, bila kupumua. Halafu nilikwenda chooni kama farasi, na huko nilicheka na kumshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaniuliza kama niko mzima. Midomo yangu imepona. Viatu vyako havina mchanga tena. Mchanga uko ndani ya bidoni, chini kabisa, mweupe, kina cha kidole, unaonekana jua likiipiga.

Sasa nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijalifanya. Bidoni sijaipindua.

Siku nne. Shangazi amekwisha kutuma maneno mara mbili: "Mufanye aketi. Amechoka." Nami nasema kesho. Tangu siku ya maji niko na wewe nyumbani. Ninapokata bati, nyuma yangu nasikia tik, tik, unapima kazi yangu. Bukari yangu, ugali wangu, inapungua sahanini upande wa kulia. Jana nilijigamba kwa mteja, na nilikuwa najua umesimama pale na umenyamaza, nikajirekebisha mwenyewe katikati ya maneno. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kuwa wawili. Nikipindua, hutapima tena. Nitabaki mimi na mdomo wangu, na hakuna wa kunyamaza mbele yake.

Lakini leo asubuhi Sidoni aliweka sahani chini bila kula. Alisema, "Papa iko wima, Papa mukubwa. Pa mulango ya nyuma. Haketi. Miye minasikia magoti yake." Na nilipoinuka, magoti yangu nayo yalikuwa yanauma, mimi ambaye nilikuwa nimelala usiku mzima.

Kwa hiyo sikiliza. Sikuzipoteza bure hizi siku nne. Nimekata kwa bati ule mlango wa kalenda. Maua, nyota, vichwa vya misumari, pete mbili za kubisha. Nimeupiga juu ya mlango wetu wa nyuma, ule ule unaposimama, kwa hiyo umekwisha kuuona, labda ndiyo maana ulikuwa unagusa gusa tangu jana. Nimekosea mara tatu. Ua la chini kushoto limekuwa mende wa Bonifasi. Nimeliacha hivyo hivyo, na watu wakiuliza nasema ni mimi nilikata, na safari hii ni kweli. Ile safari yetu tuiite imefika. Pasipoti iache kwenye unga wa shangazi. Daftari lako nimelirudisha upande wako wa sanduku.

Nisamehe kiu. Nisamehe jua. Nisamehe na maua, yale ya sanduku, nilijua ni yako.

Sidoni anasimama karibu na bidoni, anangoja. Nimemimina vikombe viwili, changu na chako, nusu kwa nusu kama mama alivyotugawia kila kitu. Changu nimekunywa. Naweka kalamu chini ninyanyuke nikapindue bidoni.

Hapana, Kabange, usinishike mkono. Naenda mwenyewe.

Pacha wako,
niliyetangulia kutoka, nitakayechelewa kuingia